Mashahidi wa Manara na Kibadeni

Kwenye njia ya kutokea sokoni Muheza, wanapopita wauza machungwa na matoroli yao, kuna fundi viatu mmoja mzee. Ukimpa kiatu hatangulii kutaja bei. Atakigeuza, atazame soli, apitishe kidole gumba kwenye kisigino, kisha akuambie unaegemea mguu gani na kama uliwahi kuumia goti. Ndipo msharasi unaanza kazi, uzi ukiwa umeshapakwa nta. Nimekaa pale hata siku ambazo sina kiatu cha kushonwa, maana pembeni yake pana benchi, na kwenye benchi hilo ndiko inakosikilizwa kesi ya Sunday Manara na Abdallah Kibadeni: yupi kati yao alikuwa bora. Kesi ni ya miaka ya 1970. Hukumu haijatoka, na wanaobishana hawana haraka nayo.

Fundi mwenyewe hapigi kura. Sijawahi kumsikia akisema kama yeye ni wa Simba au wa Yanga, na katika nchi hii kulificha hilo mpaka uzeeni ni kazi kubwa. Kazi yake ni kuuchunga ubishi usipotoke. Mtu akianza tu, "Manara alikuwa...", yeye anamkatiza bila kuinua macho: "Uliona, au ulisikia?" Aliyeona anaendelea. Aliyesikia redioni naye anaendelea, ila akiri kuwa alisikia, na ataje alisikilizia kwa nani. Aliyesimuliwa na mjomba wake anakunywa kahawa kwanza, wenye haki wamalize. Na sharti kubwa kuliko yote ni hili: humtetei mtu wako kabla hujamsifu wa mwenzako, tena sifa yenye tendo ndani yake. Wa Kibadeni lazima aanze na jambo alilolifanya Manara ambalo Kibadeni asingeliweza. Akishindwa, fundi anamwambia, "Huyu humjui, mgosi. Utamlinganishaje?" na zamu inahamia kwa mwingine.

Nauhesabu huu kuwa ufundi kamili, wenye kanuni na wenye wanafunzi, na kama ufundi mwingine wa mikono na midomo ya pwani yetu, haukuandikwa popote. Ulirithiwa kwa kukaa karibu na wanaoujua.

Kuna mzee mmoja wa Yanga, mstaafu wa reli, ambaye akifika kwenye pasi ya Manara maneno humwishia. Hapo husimama. Ataweka kikombe chini, avute chungwa moja kutoka kwenye toroli lililo karibu (mwenye toroli ameshazoea, hasemi kitu), aliweke chini kwenye vumbi, mbele ya kandambili zake. Kisha anakuwa Manara. Anageuza uso wote upande wa msikitini, mabega nayo yanaelekea msikitini, hata wewe uliyeyaona haya juzi unajikuta unatazama msikitini. Chungwa limeshaondoka upande wa pili. Limepita kati ya miguu ya benchi, limemfikia mtu ambaye hakujua kama alikuwa anangojewa. Mzee anabaki amesimama, mkono mmoja kiunoni, hatazami chungwa lilikofika. Hiyo ndiyo sehemu anayoisisitiza: Manara hakuitazama pasi yake ikifika. Angeitazama ya nini, anauliza, na alishajua? Kisha analiokota chungwa, analifuta kwa shati, analirudisha torolini na kuketi. Anapumua kidogo. Ushahidi umetolewa.

Mzee wa Simba, ambaye ujanani alikata mkonge mashamba ya Ngomeni, nyonga haimruhusu kusimama. Anatumia viganja. Kiganja cha kushoto ni beki, cha kulia ni Kibadeni, na Kibadeni anafika akiwa amempa beki mgongo. Ni mfupi, kaibana ardhi, hasukumiki. Kiganja cha kulia kinagusa cha kushoto, kinaegemea, kinasubiri beki aegemee naye. Beki akishaegemea tu, Kibadeni hayupo, na kiganja cha kushoto kinaangukia goti la mzee kwa kukosa cha kukishikilia. "Pa!" anasema, na hiyo ni nyavu. Huwa hasemi zaidi. Kwa maoni yake Kibadeni hahitaji maelezo marefu, na maelezo marefu ni dalili kwamba mtu wako hakufunga.

Mechi wanazozitaja ni chache, na ni zile zile. Ya Nyamagana, Mwanza, Agosti 10, 1974, ndiyo mama yao. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu na wakaanza kuuona ubingwa. Zikiwa zimebaki dakika chache Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Yanga wakaondoka mabingwa. Mwaka uliofuata, Zanzibar, kwenye fainali ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, Yanga wakashinda tena 2-0, na wafungaji walikuwa wale wale, Sembuli na Manara. Hapo mzee wa reli anakunja mikono, kana kwamba shauri limekwisha.

Halijaisha. Julai 19, 1977, Simba waliwafunga Yanga sita bila. Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja beki wa Yanga, Selemani Sanga, alijifunga. Hakuna aliyewahi kufunga mabao matatu katika mechi ya watani kabla yake wala baada yake, na sita yale hayajafikiwa na upande wowote. Mzee wa mkonge akilitaja hili anapunguza sauti, maana si lazima kupaza. Mzee wa reli anajibu, na jibu lake si jepesi: Yanga ile ilikuwa imepasuka, vijana wake wakubwa wamekwenda kuunda Pan African, kikosi kile hakikuwa cha Nyamagana. Kumfunga mgonjwa si ushujaa. Hapo huingia ubishi mdogo ndani ya mkubwa, kuhusu nani aliipasua Yanga, na kahawa hupoa.

Ninachokipenda ni vitu ambavyo fundi huvikataa. Siku moja kijana wa Yanga alisema Manara ni bora kwa kuwa alikwenda Uholanzi kuchezea Heracles, Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Wa Simba akarudisha kwamba Kibadeni alikuwemo katika Simba iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974, na kwamba mwaka 1993, akiwa kocha, aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF, ambako walifungwa na Stella ya Abidjan. Fundi akauma uzi, akaukata kwa meno. "Hivyo ni vyeti," akasema. "Mimi nimeuliza miguu."

Wanamuelewa haraka, kwa sababu walikulia mahali ambapo miguu ilitazamwa kwa makini. Tanga ilikuwa na ugomvi wake hata bila ya Simba na Yanga. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, na African Sports, Wana Kimanumanu, walizigawa nyumba za mjini na za mashambani. Uwanja wa Mkwakwani ukijaa, watu wa Muheza walikuwa wamefika tangu asubuhi kwa treni au kwa lori la machungwa. Wakubwa wa Dar es Salaam walipokuja pale kwa mechi za ligi walitazamwa na watu wagumu kusisimka, waliozoea kumlinganisha mtu na mtu. Mwaka 1988 Coastal wakawa mabingwa wa Bara, na benchi la fundi lilikuwa na mambo mengine ya kuzungumza kwa muda mrefu. Ila Manara na Kibadeni walirudi. Hurudi kila mara.

Na sababu ya kurudi, nadhani, ni kwamba hawako mahali pengine popote. Bara haikuwa na televisheni wakati ule. Ilikuja katika miaka ya 1990. Mechi zile ziliingia Muheza kwa sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio ya mkulima ambayo betri zake zilianikwa juani ili zifike dakika ya tisini. Mtangazaji alisema mpira uko kwa Manara, na watu thelathini uani, hakuna hata mmoja aliyekuwa na picha, kila mmoja akaichora yake. Waliobahatika kuwaona Mkwakwani walirudi na kuwasahihisha waliosikia. Hivyo ndivyo wachezaji wale walivyojengwa, kipande kwa kipande, na mamia ya watu waliokuwa wakihakikishiana. (Manara aliitwa Kompyuta. Mwaka 1974, mwaka ule wa Nyamagana, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Uwanjani wakaendelea kumshangilia yule waliyekuwa naye.)

Leo ng'ambo ya barabara, vijana wa bodaboda nao wana kesi yao, ya Messi na Ronaldo. Siwabezi kwa kuchagua wageni. Mwenye macho anampenda mwenye miguu, popote alipozaliwa. Wana kila kitu ambacho wazee wa benchi hawakukipata. Kibanda umiza kiko hatua chache, simu iko mfukoni, kila bao la wale wawili linaweza kuchezwa polepole, kurudishwa, kusimamishwa. Nami nimewasikiliza kwa muda, nikingoja mmoja wao asimame. Hasimami mtu. Mmoja anasema Ballon d'Or nane. Mwingine anajibu kwa Ligi ya Mabingwa na mabao ya timu ya taifa. Simu zinatolewa, tarakimu zinasomwa kwa sauti, na mwenye tarakimu kubwa anacheka. Nilimuuliza mmoja, kijana mwerevu tu, Messi anampitaje beki: anaanza na bega au na kifundo? Akanitazama kana kwamba nimeuliza rangi ya soksi. Kisha akarudi kwenye mkeka wake, maana timu ya Ujerumani ambayo hajui hata mchezaji wake mmoja ilikuwa inahitaji kona mbili zaidi.

Kubeti kumewafundisha kuuangalia mpira kwa ajili ya kitu kilicho nje ya mpira. Najua nasema kama wazee wote wanavyosema, na najua pia kwamba ubishi wa zamani uliwahi kuvunja vikombe na mara moja mbili undugu. Ila hata aliyevunja kikombe aliweza kukuonyesha kwa mwili wake alichokiona.

Kura yangu mimi? Niliyewasikia zaidi ya kuwaona, kwa hiyo fundi ataniweka safu ya pili, nampa Manara. Nikitimiza sharti kwanza: Kibadeni alikuwa na jambo ambalo Manara hakuwa nalo, ile subira ya kumngoja beki aegemee. Asiyeona anadhani mfungaji ni mtu wa haraka. Kibadeni alingoja, na sekunde ile ya kungoja, mbele ya goli, watu maelfu wakipiga kelele, ni ngumu kuliko chenga yoyote. Bao la tatu kati ya yale matatu lilikuja mechi ikiwa inaisha, mambo yakiwa yameshaamuliwa zamani, na bado aliitaka nafasi ile kama vile ni ya kwanza. Huyo ni mfalme, na King ndivyo walivyomwita.

Lakini Kibadeni ana karatasi. Julai 19, 1977 itaandikwa katika kila jedwali la mechi za watani, na mabao matatu hayahitaji mtu wa kuyasimulia. Kazi kubwa ya Manara ilifanyika kabla ya bao na mbali na bao: uso uliogeukia msikitini, mpira uliomfikia mtu asiyejua kama anangojewa. Hilo halikuingia kwenye jedwali lolote. Limo ndani ya watu waliokuwepo, na aliyekuwa na miaka kumi na mitano siku ya Simba sita leo amevuka sitini. Aliyekuwepo Nyamagana akiwa mtu mzima anakaribia themanini au ameshazikwa. Kila tukitoka makaburini, Kibadeni anabaki alivyo na Manara anapungua. Katika shauri ambalo mashahidi wa upande mmoja wanakufa na nyaraka za upande wa pili zinadumu, mshindi anajulikana mapema. Naitoa kura yangu sasa, wakati bado ina wa kuisikia.

Hivi karibuni niliwauliza wawili wa bodaboda, mmoja amevaa jezi ya kijani, mwingine nyekundu. Wa jezi nyekundu, Kibadeni ni nani? "Si yule aliyewapiga hawa hat-trick," akajibu, akimwonyesha mwenzake kwa kidevu. Wa kijani nikamuuliza juu ya Sunday Manara. Alifikiri, akakuna shingo, kisha uso ukamng'aa.

"Aah, mzee! Baba yake Haji, yule msemaji."