Istilahi za Jometri na Mtihani wa Shamba: Kisii na Nyamira

Mabishano juu ya istilahi za Kiswahili aghalabu yamehusu asili ya maneno: je, neno litolewe katika Kibantu, katika Kiarabu au katika Kiingereza? Swali hilo lina maana yake, lakini kwa istilahi za hisabati halitoshi. Istilahi ya jometri hupimwa kwanza kwa kazi yake, yaani uwezo wake wa kutenganisha mambo ambayo upimaji wenyewe huyatenganisha. Neno lenye asili njema lakini linalochanganya vipimo viwili humpoteza mwanafunzi leo, na kesho humpoteza mwenye shamba. Makala haya yanazichunguza istilahi chache za shule ya msingi kwa kutumia mtihani huo. Mahali pa mtihani ni Kisii na Nyamira, ambako watu ni wengi, ardhi ni haba, na kosa la kipimo huweza kuwafikisha ndugu mahakamani.

Istilahi zinazohusika zilipata nguvu hasa Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967, na ambako BAKITA, baraza lililoundwa mwaka huohuo, lilipewa jukumu la kusanifisha maneno. Kenya ilifuata njia nyingine. Ripoti ya kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike nafasi yake. Kwa hiyo mtoto wa kijijini Nyamira huanza kuhesabu kwa Ekegusii, husoma Kiswahili kama somo, na jometri huisoma kwa Kiingereza. Maneno ya Kiswahili ya upimaji humfikia nje ya darasa la hisabati: kwa fundi wa nyumba, kwa dalali wa ploti, kwa watu wa sokoni. Hapo ndipo udhaifu wa neno hujitokeza.

Tuanze na majina ya maumbo. Msemaji wa Ekegusii anayejua isato, inye na isano hana shida na pembetatu, pembenne na pembetano, kwani mashina ya hesabu ni ya ukoo mmoja. Akifika pembesita, ngazi hukatika. Kiswahili kimechukua sita kutoka Kiarabu, ilhali Ekegusii husema isano nemo, yaani tano na moja. Hata hivyo pengo hili ni dogo. Mtoto akishajifunza kuhesabu kwa Kiswahili, sita ni sita, na umbo lenye pembe sita halichanganyiki na jingine lolote. Ugeni wa neno haukuharibu maana yake. Ndivyo ilivyo pia kwa mstatili, uliotoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kurefuka: neno halimwambii mtoto kitu kwa sauti yake, lakini halimdanganyi.

Hali ni tofauti kwa mraba. Neno hili lina jamaa wengi katika Kiswahili: robo na arobaini ni wa shina moja nalo, na mwalimu mwerevu aweza kuutumia udugu huo. Taabu yake ni wingi wa kazi. Mraba ni umbo la pande nne zilizo sawa. Mita ya mraba ni kizio cha eneo. Na pembemraba ni pembe ya nyuzi 90. Kutokana na matumizi hayo ya tatu hupatikana pembetatu mraba, jina ambalo, likisikilizwa kwa makini, lataja umbo la pembe tatu lililo na nne. Aidha, mwanafunzi hudhani kwamba eneo linalotajwa kwa mita za mraba lazima liwe na umbo la mraba. Lawama hapa si ya Kiarabu. Ni ya kulitwika neno moja mizigo mitatu.

Pembe nayo ni neno la Kibantu lisilo na shaka, lakini ndilo lenye hatari zaidi. Ni pembe ya ng'ombe, ni kona ya nyumba, na ni kiasi cha mgeuko kati ya mistari miwili. Pembe kubwa ya ng'ombe ni ndefu. Pembe kubwa ya jometri haina urefu. Mtoto akionyeshwa pembe mbili zilizo sawa, moja ikichorwa kwa mistari mirefu, ataitaja hiyo kuwa kubwa, na lugha itakuwa imemuunga mkono. Yafaa mgeuko ufundishwe kwanza, ndipo pembe ipewe nafasi kama jina la kipimo chake.

Kipenyo ni mfano wa istilahi iliyofaulu. Kitenzi kupenya kinasikika ndani yake, na nusukipenyo hujieleza yenyewe. Katika Tabaka, ambako wachongaji hutengeneza sahani na bakuli za jiwe laini la Kisii, mwalimu ana duara tele za kupima kwa uzi. Yabaki tu kuongezwa sharti ambalo neno halilitaji: mstari upenye katikati.

Mtihani mkubwa zaidi ni wa mzingo na eneo. Mashamba mengi ya nyanda hizi yamegawanywa kuwa vipande virefu vyembamba, vinavyoteremka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Kipande cha mita 10 kwa 200 na kingine cha mita 40 kwa 50 vina eneo moja, mita za mraba 2,000, karibu nusu ekari. Lakini mzingo wa cha kwanza ni mita 420, na wa cha pili ni 180. Ndugu waliogawiwa vipande hivyo wamepata sawa kwa eneo, si kwa gharama ya ua. Mazungumzo ya kawaida huyafunika yote mawili kwa neno ukubwa, au huuita mzingo mzunguko, neno lenye kazi nyingine nyingi. Mzingo wastahili kutetewa.

Mteremko nao hudai haki yake. Mita 100 zilizopimwa juu ya ardhi yenye mwinamo wa nyuzi 30 huwa mita 86.6 tu katika ramani, kwa kuwa ramani hupima mlalo. Neno urefu, likiachwa peke yake, halisemi ni upi kati ya hiyo miwili. Vivyo hivyo ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa thumuni ya ekari. Ekari ina futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Ploti ina 5,000. Futi za mraba 445 zimepotea ndani ya jina, na hati ya ardhi, iandikayo kwa hekta, haimsaidii asiyejua kugeuza vizio.

Kwa hiyo wasanifishaji hawana budi kuibadili ratiba ya kazi yao. Kabla ya kuuliza neno limetoka wapi, waulize linatenganisha nini. Pembe na mraba ziangaliwe upya. Mzingo, eneo, kimo na mlalo zienezwe hata nje ya Tanzania. Na majaribio yafanywe penye kamba na vigingi, mbele ya watoto ambao siku moja watagawana shamba.