Kusoma Sofa ya Kibuye

Sofa ya Kibuye hutengenezwa hadharani. Ukitoka Kondele kuelekea mjini Kisumu kwa Jomo Kenyatta Highway, utaikuta kando ya barabara katika hatua zake zote: fremu tupu ya mbao, fremu iliyokwisha kutandazwa gunia, kiti kilichobandikwa sponji bila kitambaa, na hatimaye seti ya watu saba iliyovishwa velveti ya rangi ya damu ya mzee na kufunikwa nailoni isiingie vumbi. Jumapili, soko la Kibuye linapofurika na waumini wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa wakimiminika njiani, seti hizo husogezwa mbele. Ni kazi chache za sanaa zinazomwachia mhakiki rasimu zote mahali pamoja. Ajabu ni kwamba mnunuzi huzipita rasimu hizo akaenda moja kwa moja kwenye velveti.

Nami nitaanzia hapo, maana uso wa sofa hii unastahili heshima. Mtindo unaotawala ni ule wa vifungo, Chesterfield, wenye asili ya Uingereza. Huko vifungo vilikuwa na kazi: mto ulijazwa manyoya ya farasi, na bila kufungwa kwa uzi kutoka mbele hadi nyuma, manyoya yangeteremka yote chini. Sponji haiteremki. Kwa hiyo kifungo cha Kibuye hakishikilii kitu. Kimebaki kuwa pambo tupu. Hata hivyo ni pambo linalompima fundi bila huruma. Tazama pale mgongo wa sofa unapokutana na mkono. Katikati ya mgongo ni rahisi kupanga mikunjo ya msalaba ikatoa almasi zinazolingana. Kwenye kona nafasi inabana, kitambaa kinageuka, na fundi lazima aamue ni wapi almasi ifie. Fundi hodari huipunguza kidogo kidogo kuanzia mbali, hata jicho lisione. Asiye hodari hufika konani na kitambaa cha ziada, akakikunja na kukipiga pini. Nimeona Kibuye kona za aina ya kwanza nyingi kiasi cha kusema bila kusita kwamba wapo hapa washonaji wa kiwango cha juu kabisa.

Sasa inua nailoni, kisha inua sofa yenyewe. Shika mguu mmoja wa mbele uupandishe kiasi cha shubiri moja. Fremu iliyoungwa vizuri huinuka na mguu wa pili wa mbele papo hapo. Fremu dhaifu hujipinda: mguu wa pili unabaki chini, na kutoka ndani ya velveti hiyo nzuri unasikia mlio wa msumari ukiteleza katika mbao.

Mlio huo una maelezo. Mbao nyingi za fremu ni za mkaratusi, grevilea au saiprasi, na mara nyingi hufika kwa fundi zikiwa mbichi. Mbao mbichi ikikauka hainywei kwa urefu. Hunywea kwa upana na kwa unene. Ulimi uliojaa tundu lake sawasawa mwezi wa mvua utalegea ndani yake kufikia joto la Januari. Na hapo ni pale tu ulimi na tundu vilipochongwa. Kwenye fremu za haraka, ubao wa mbele hugongomewa moja kwa moja kwenye mkono wa sofa, msumari ukiingia kichwani mwa mbao, sambamba na nyuzi zake. Msumari wa hivyo hushika kidogo sana kuliko uliopita ubavuni. Bahati mbaya, kiungo hicho hicho ndicho kinachobeba uzito wote: mgeni hujitupa kwenye ukingo wa mbele, na mtoto huketi juu ya mkono. Kipande cha mbao cha pembetatu, kikitiwa gundi na skrubu katika kona ya ndani, kingetosha kuzuia mengi. Hakionekani, hakina bei kubwa, na ndicho cha kwanza kuachwa.

Mwepesi wa kulaumu atasema fundi ni mvivu. Sikubali. Mkono uliopanga almasi zile kwenye kona haushindwi na kipande cha pembetatu. Lakini, kwanza, si mkono mmoja. Fremu huundwa na seremala, miguu ya urembo inatoka kwa mwenye mashine ya kukereza, sponji na kitambaa ni vya mshonaji, na mara nyingi anayezungumza na mteja ni mtu wa nne, mwenye picha za seti kwenye simu. Kila mmoja hulipwa kwa kipande alichomaliza. Seremala anajua kwamba kazi yake itazikwa ndani ya kitambaa kabla jua halijatua, na malalamiko yakija yatamwendea mwingine. Udhaifu umekaa kati ya watu hawa, wala haumo ndani ya yeyote kati yao. Ndiyo maana hata mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA), ambao nauunga mkono, haufiki kwenye kiungo kile: unampima mtu mmoja na ufundi wake mmoja.

Pili ni mtaji. Mbao ya inchi moja huhitaji kupangwa kivulini kwa miezi kadhaa, hewa ikipita kati ya ubao na ubao. Fundi anayenunua mbao kwa malipo ya kwanza ya mteja hana miezi hiyo, wala kivuli hicho. Hali ilikaza zaidi Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, kunakotoka saiprasi nyingi. Hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo mwaka 2023, ilibidi mbao zitafutwe zaidi kwenye mashamba ya watu, na mti wa shambani hukatwa siku mwenyewe anapohitaji karo.

Wazo lenyewe la jua kali, yaani ufundi wa nje usio na paa, lina sehemu yake katika kosa hili. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya, na Waraka wa Serikali Namba 1 wa 1986, fundi wa kando ya barabara amesifiwa kwa ubunifu na ustahimilivu. Sifa hizo ni za haki, na zilikuja baada ya miaka ya kufukuzwa na askari wa manispaa. Ila ustahimilivu ukisifiwa mno, ukosefu wa paa huanza kuonekana kama tabia ya fundi, na hakuna anayeona haraka ya kujenga banda la kukaushia mbao ambalo mafundi hamsini wangelitumia kwa pamoja.

Kuna nguvu moja ya sofa hii ambayo sifa rasmi huisahau: inafunguka. Kiti cha dukani cha mbao za unga uliogandishwa kina vipimo sahihi na kona safi, lakini kikiloa maji huvimba, na skrubu ikitoka tundu haikubali nyingine. Sofa ya Kibuye ikilia, mama mwenye nyumba humwita fundi, kitambaa cha chini kinang'olewa, kiungo kinakazwa, na ikibidi sponji hubadilishwa palepale barazani. Zaidi ya hayo, mbao iliyokaa nyumbani miaka miwili imeshakauka. Kiungo kinachorudiwa sasa hakitalegea tena kama cha kwanza. Wapo mafundi wanaotoa ahadi ya kurudi kukaza, na hao ndio ningewatafuta kwanza. Ningelipa nusu ya bei fremu ikiwa bado uchi, baada ya kuinua mguu wake, na iliyobaki baada ya kuvishwa. Vifungo ningeviacha vyote mahali pake.