Marx katika uhakiki wetu: Tumebaki na tajiri mbaya, tukaisahau saa ya kazi

Kila msimu wa tasnifu, mezani pangu hufika kazi kadhaa zinazodai kuongozwa na nadharia ya Umaksi. Mihimili huorodheshwa vizuri: matabaka, migogoro, unyonyaji. Kisha uhakiki wenyewe unaanza, na Karl Marx haonekani tena. Wanaobaki jukwaani ni tajiri mwenye roho mbaya na maskini anayelia. Kwa hilo hatukumhitaji Marx. Ngano za bibi zetu zilikuwa na matajiri bahili tele.

Marx, aliyezaliwa Trier, Ujerumani, mwaka wa 1818 na kufia London mwaka wa 1883, hakushughulishwa sana na roho ya tajiri. Katika dibaji ya Das Kapital (1867) anaeleza kuwa anamchukulia bepari kama mwakilishi wa mahusiano ya kiuchumi, si kama mtu wa kulaumiwa binafsi. Swali lake lilikuwa gumu zaidi: ikiwa mfanyakazi amelipwa ujira waliokubaliana, bila kupunjwa hata senti, faida inatoka wapi?

Jibu alilitafuta ndani ya saa za kazi. Tuseme kibarua anafanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Huenda kufikia adhuhuri amekwisha kuzalisha thamani inayolingana na ujira wake wa siku nzima. Saa zilizobaki anamzalishia mwajiri bure. Hiyo ndiyo thamani ya ziada. Ndiyo maana sura yake ndefu kuhusu siku ya kazi imejaa ripoti za wakaguzi wa viwanda vya Uingereza, waliohesabu hata dakika zilizomegwa kutoka muda wa chakula.

Lugha nayo imechangia kutupoteza. ‘Bepari’ ni neno lenye asili ya Kihindi, na zamani lilimaanisha mfanyabiashara tu. Basi tukisikia ubepari, akili hukimbilia dukani, kwa mwuzaji anayepandisha bei, ilhali Marx alituelekeza kiwandani. Kisha siasa za Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, zikatupa kupe, mirija na unyonyaji. Maneno matamu kweli kweli, ila ni ya kukaripia. Mwalimu Nyerere hakuwa mfuasi wa Marx. Aliuona ujamaa kuwa imani ya moyoni, wala hakuukumbatia mvutano wa kitabaka. Wahakiki wetu huazima msamiati huo wakidhani ni wa Marx.

Hebu tazama Shafi Adam Shafi anavyosomwa. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) hutiwa kapu moja linaloitwa ‘ubepari Zanzibar’. Ebo! Fuad si bepari, ni kabaila. Kijakazi anamtumikia waziwazi, na kila mtu anaona jasho lake linakokwenda. Makuli wa bandarini ni wafanyakazi wa ujira. Dhuluma yao imefichwa na mshahara wenyewe, na kwa sababu hiyo riwaya inatumia kurasa nyingi kuwaonyesha wakizinduka na kuungana kabla ya mgomo wa 1948. Asiyeitambua tofauti hiyo hawezi kueleza kwa nini visa vya riwaya hizi mbili vinasonga kwa namna tofauti. Wala hataweza kumhesabia saa zake kijana wa bodaboda anayepeleka chakula kwa amri ya programu ya simu, akiambiwa ati hajaajiriwa na mtu.

Sisemi Marx anafungua kila mlango. Katika Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui, Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba dhidi ya mwajiri wao Delamon, na papo hapo anapambana na dharau ya wanaume wa tabaka lake mwenyewe. Dharau hiyo haitokani na ujira peke yake. Ningefurahi kusoma tasnifu inayokiri kwamba hapo kamba ya Marx imefika mwisho, badala ya kumshindilia Lanina ndani ya mhimili usiomtosha.