Wino Uliofichua Kazi ya Rojo Chini ya Ngozi

Vitabu vya anatomia hugawa tishu unganishi legelege katika aina tatu: ya kawaida, iliyotanda chini ya ngozi na kuzunguka mishipa, ya mafuta, na ya wavu, inayoshikilia seli za bandama na tezi za limfu. Mgawanyo huo hufuata seli na nyuzi kwa sababu ndizo zinazoonekana vizuri kwenye hadubini. Rojo lililojaa kati yake huachwa kama nafasi nyeupe, kwa kuwa sehemu yake kubwa hupotea kipande kinapoandaliwa au haishiki rangi za kawaida. Kwa hiyo ni rahisi kuliona kama kijazio tu. Kumbe, katika aina ya kwanza, rojo hilo ndilo kizuizi chenyewe cha vitu kusambaa, na jambo hilo lilithibitishwa kwa kuliondoa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Francisco Duran-Reynals, mtafiti Mhispania aliyefanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller, New York, alichanganya virusi vya chanjo ya ndui na majimaji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama, akayadunga kwenye ngozi ya sungura. Kidonda kilienea mno kuliko pale virusi vilipodungwa peke yake. Mtu angeweza kupinga kwamba majimaji yale yalivistawisha virusi tu. Jaribio la wino mweusi lilifunga hoja hiyo: chembe za wino hazizaliani, lakini nazo zilisambaa mbali. Kilichobadilika kilikuwa ngozi yenyewe. Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer walitenga asidi ya hailuroni, ambayo pia imo kwenye rojo hilo, kutoka macho ya ng'ombe, na miaka michache baadaye Ernst Chain na E. S. Duthie, huko Oxford, wakaonyesha kuwa majimaji ya korodani yana kimeng'enya kinachoivunja asidi hiyo.

Atakayesema kwamba nyuzi ndizo huzuia ana jambo la kujibu: kimeng'enya hiki hakikati nyuzi za kolajeni, na bado njia hufunguka. Tena kizuizi hurudi baada ya siku moja au mbili, rojo likishatengenezwa upya. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hoja hii haienei kwa aina zote tatu. Nakubali. Tishu ya mafuta imesongamana seli, rojo lake ni haba. Nayo ya wavu kazi yake ni kupitisha seli na kuchuja limfu. Lakini tofauti hiyo yenyewe yadai kwamba wingi wa rojo utajwe pale aina zinapoelezwa, hasa kwa wanafunzi wa uuguzi na udaktari. Jambo hilo watalikuta kazini: dawa ya saratani ya matiti, trastuzumab, ambayo hutolewa kwa dripu, sasa inaweza kudungwa chini ya ngozi ya paja, mililita 5 kwa dakika 2 hadi 5, kwa sababu imechanganywa na kimeng'enya cha jamii ileile.