Namna ya Kuipima Riwaya ya Vijana: Mwongozo kutoka Galu

Mtoto wa Galu, huku kwetu pwani ya Kenya, huyajua maji kabla hajajua kusoma. Anajua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwamba kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6, na kwamba kusi likivuma mlango wa mwamba hauchezewi. Msomaji wa namna hiyo hadanganyiki kirahisi. Kwake nimejifunza kipimo ninachokiamini kuliko vyote: riwaya njema ya safari na makuzi humweka kijana mahali penye sheria zake, kisha humwacha ajifunze sheria hizo kwa gharama yake mwenyewe. Unapochagua kitabu cha mwanao, cha maktaba ya shule au chako mwenyewe, angalia mambo haya.

Kinachomtoa nyumbani

Kijana asiye na haja ya kuondoka ni abiria tu. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea Mswahili anaondoka Tanga akiwa amefiwa na mama, aje Kenya kumtafuta baba asiyemfahamu. Haja hiyo inatosha kubeba kitabu kizima, na kila anayekutana naye njiani anapimwa nayo: atamsogeza karibu na babake au atamchelewesha? Katika Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kufasiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri Aziz, mtu aliyezoea kumhesabu kuwa jamaa. Hajui kwamba yeye ni rehani ya deni la babake. Kitabu kikikufikisha ukurasa wa 20 na bado hujui kijana anakosa nini, kirudishe rafuni.

Mahali penye sheria

Hapa ndipo vitabu vingi huanguka. Mwandishi hutaja mnazi, mchanga mweupe na upepo mwanana, akadhani ameandika pwani. Pwani haijaandikwa mpaka maji yamezuia jambo au yameruhusu jambo.

Mfano bora niujuao umo katika Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson, riwaya ya 1883 ambayo Frederick Johnson aliileta katika Kiswahili zamani za ukoloni. Usiku, Jim, kijana anayeisimulia hadithi, anajitosa katika kimtumbwi cha ngozi ili akate amari ya merikebu iliyotekwa na waasi. Maji yanakupwa, mkondo unaivuta merikebu, kamba imekaza. Jim anang'amua kwamba akiikata hivyo ilivyo, mshtuko wake utamtupa majini yeye na kimtumbwi chake. Anangoja. Upepo unageuka kidogo, kamba inalegea, naye anakata nyuzi moja baada ya nyingine mpaka zimebaki mbili, kisha anangoja tena. Msomee mvuvi yeyote wa Galu ukurasa huo: ataitikia kwa kichwa, kwa sababu subira ile ndiyo kazi yenyewe.

Pima vivyo hivyo nchi kavu. Kaya Kinondo, jirani yetu, ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Ni msitu wenye wazee na miiko. Mwandishi anayeugeuza kuwa pango la mizuka ya kutishia watoto hajaingia. Ameuona kutoka barabarani.

Nani anaamua

Chukua matukio makubwa matatu ya kitabu, ujiulize kila moja limeamuliwa na nani. Ikiwa polisi wanafika kwa wakati, mjomba tajiri anatokea mjini na mwalimu anafumbua fumbo, basi kijana hakusafiri, alisafirishwa. Jim alishuka kwenye maji bila ruhusa ya mtu. Uamuzi wa mwisho wa Yusuf unashtua na wala haufurahishi, lakini ni wake.

Makuzi yaonekane

Sentensi isemayo kijana "sasa alikuwa amekomaa" ni ungamo la mwandishi aliyeshindwa kutuonyesha. Katika Kuli ya Adam Shafi (1979), Rashidi, mtoto wa kuli wa bandari ya Unguja, anaingia kazi ile ile ya babake, na ukomavu wake tunauona anaposimama na wenzake wakati wa mgomo wa 1948. Tendo linatosha.

Usiwasahau mabinti. Huku kwetu nao hushuka mwambani maji yakipwa, lakini vitabuni mara nyingi huachwa ufuoni wakilia. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilithubutu kumfuata binti wa Ukerewe mpaka penye uchungu, na kwa muda ikapigwa marufuku. Kitabu kinachomwamini msichana na ukweli wa maisha yake kina thamani ya pekee.

Midomo yao

Soma mazungumzo kwa sauti. Mtoto akimjibu nyanyake kwa sentensi za insha, au kila mzee akifungua kinywa inatoka methali, mwandishi hasikilizi watu. Mzee wa kweli huuliza umekula, hukutuma dukani, hukukemea, na mara moja moja hutoa methali ikakuuma.

Mwisho wenye bei

Jim anarudi na hazina, lakini kisiwa kile hakitaki tena, na mawimbi yake humjia ndotoni. Hiyo ndiyo bei. Mwisho unaomrudishia kijana kila alichopoteza na kumwongezea zawadi juu yake unamwambia msomaji kwamba ujasiri hauna gharama, na watoto wanajua si kweli.

Ukiwa dukani na muda ni mfupi, soma mahali patatu: ukurasa wa kwanza upate haja, katikati penye hatari uone sheria za mahali, na sura ya mwisho uone bei. Kisha mpe kijana akisome, na akimaliza usimuulize funzo la hadithi. Muulize yeye angefanya nini. Akianza kubishana na mhusika, akisema mimi ningengoja maji yajae, kitabu hicho kimefaulu, mnunulie kingine cha mwandishi huyo huyo.