Wavu Ulikuwa Sawa, Kifusi Ndicho Kilichobomoa

Wote mliopita pale masika haya mliuona: ukuta wa mita 4 ulioota tumbo katikati, matofali ya uso yameachana, maji mekundu yanachuruzika kwenye nyufa. Mahali sipataji wala mwanakandarasi simtaji. Ni mteremko mmoja kati ya Kisii na Nyamira. Tangu hapo kila kinywa kinalaumu plastiki. Plastiki haina hatia. Ukuta ule ulikwisha siku ilipotoka amri kwamba udongo mwekundu uliochimbwa palepale urudishwe nyuma ya uso na kushindiliwa juu ya jiogridi, yaani ule wavu wa plastiki unaolazwa ndani ya kifusi ili kukishika.

Kazi nyingine ilikuwa safi: wavu wa upande mmoja, mbavu zake nene zikielekea mlimani, urefu wa mita 3, tabaka kila sentimita 60.

Lakini ule udongo! Nilisimama pale siku ya tabaka la kwanza, na fundi mkuu akanijibu kwa adabu zote: "Mzee, udongo huu ni mgumu. Tazama kingo za barabara zinavyosimama wima miaka nenda miaka rudi." Nikamwambia, "Fundi, ile kingo haijaguswa na jembe." Akanyamaza, kwa kuwa uamuzi haukuwa wake. Kokoto ingenunuliwa na kubebwa kwa lori. Udongo ulikuwa wa bure, na kuuondoa nako kungehitaji lori. Hesabu ikafungwa hapo.

Hoja ya fundi ndiyo inayowaponza wajenzi wengi wa milima hii, kwa sababu nusu yake ni kweli. Udongo wetu mwekundu, ambao wataalamu huuita nitisoli, ukiwa mahali pake una vibonge vidogo vilivyoshikamana, na maji hupita katikati yake vizuri. Ndiyo maana chai hustawi, na ndiyo maana ukikata kingo ya barabara inasimama kama ukuta wa nyumba. Ukiuchimba, ukaukanyaga kwa tingatinga ukiwa na maji, kisha ukaushindilia, vile vibonge huvunjika. Kinachobaki ni ufinyanzi mtupu: hauachilii maji. Jina lake halikubadilika, lakini si udongo uleule tena.

Na jiogridi haikuundwa kwa ajili ya ufinyanzi. Brian Mercer na kampuni yake ya Netlon kule Blackburn, Uingereza, walipotoboa bamba la plastiki na kulivuta mpaka likawa wavu, thamani kubwa ilikuwa kwenye yale matundu. Kokoto huingia tunduni, ikabanwa na zile mbavu, na tabaka zima likawa kitu kimoja. Ufinyanzi uliolowa hauna cha kubanwa. Unateleza juu ya plastiki kama sabuni juu ya sahani. Mwongozo wa barabara kuu wa Marekani, ambao wahandisi wetu huusoma chuoni, unataka chembe laini kabisa zisizidi asilimia 15 ya kifusi cha kuta hizi. Nitisoli hata haihesabiwi kuwa nitisoli mpaka ufinyanzi wake ufike asilimia 30. Huo si umbali wa kubishania.

Sasa piga hesabu ya maji, kwa sababu ndiyo iliyoubomoa. Chukua ukuta wa mita 4 wenye kifusi kikavu cha changarawe nzuri: kila mita moja ya ukuta inasukumwa na nguvu ya karibu tani 5. Jaza maji nyuma yake mpaka juu, yakose pa kutokea, na msukumo unapita tani 10. Umeuongeza mara mbili bila kuongeza hata toroli moja ya mzigo. Hapo ni kifusi cha changarawe. Ufinyanzi husukuma zaidi, na kwenye wavu haushiki. Hizi nazo ni nchi za juu zinazopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, ambako miezi mikavu hasa ni michache. Kifusi cha ufinyanzi hapa hakipati nafasi ya kukauka.

Mtasema palikuwa na vitundu vya kutolea maji. Vilikuwepo. Nimeandika kuhusu vitundu hivi mpaka baadhi yenu mmechoka, nami nitaandika tena: kitundu kisicho na kokoto nyuma yake, na kitambaa cha kuchuja kati ya kokoto na udongo, huzibwa na tope la mvua chache za kwanza. Ukuta ule ulikuwa na safu mbili za vitundu vilivyopangwa kwa uzuri, na nilipopita siku ya mvua kubwa kabisa havikutoa tone. Maji yalitokea kwenye nyufa.

Henri Vidal, Mfaransa aliyesajili hataza ya udongo ulioimarishwa mwaka 1963, alitumia vipande vya chuma, wala hakuwa na hizi plastiki za siku hizi. Lakini alijua kwamba mfumo wake ni msuguano, na msuguano unatoka kwenye chembe kavu na ngumu. Kifusi kwake kilikuwa nusu ya uvumbuzi. Leo tunanunua nusu ya bei ghali, ile inayokuja kwa meli, tukaidharau nusu iliyo machimboni kwetu.

Wala si lazima twende Ufaransa. Shukeni Migori mkaione Thimlich Ohinga, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta za mawe matupu, bila chokaa wala saruji, nyingine zimepita mita 4 kwa urefu, na zimesimama kwa karne kadhaa. Najua zile hazizuii mlima, zimesimama huru. Lakini aliyezipanga alijua jiwe la kulifungia jiwe, na maji ya mvua hupita ndani yake bila kukuta mlango uliofungwa. Ningempa mtu yule kazi ya ukuta wetu leo hii.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ardhi yenyewe hairuhusu makosa haya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, kwenye vilima ambavyo mashamba yamegawanywa hadi yakawa vichochoro. Ukuta wa jiogridi ungeweza kumpa mwenye kiwanja cha mteremko mahali pa kusimamisha nyumba, kwa gharama ndogo kuliko ukuta mnene wa zege. Sasa nenda ukamshawishi mwenye kiwanja jirani. Atakuonyesha lile tumbo.

Ukuta unaweza kuokolewa, na mwenye mali ameniuliza vipi. Uso uteremshwe tofali kwa tofali, kifusi chote kitolewe mita 3 kwenda ndani. Wavu ukaguliwe, uliochanika utupwe. Bomba lenye matundu lilazwe chini kabisa, likiwa na mteremko wa kutoa maji pembeni. Nyuma ya kifusi, kwenye uso wa mlima uliokatwa, ipandishwe kokoto ya sentimita 30 iliyofungwa kwa kitambaa, ili maji ya mlimani yashuke kabla hayajaugusa wavu. Kisha kokoto na changarawe, tabaka za sentimita 20, mashine ndogo tu ndani ya mita moja kutoka usoni. Udongo mwekundu urudi sentimita 30 za juu kabisa, ushindiliwe, uinamishwe kuelekea mtaroni, na upandwe nyasi.