Ritifaa ya Rong'e

Kaunti ya Taita Taveta ina wadi 20: sita Voi, tano Mwatate, nne Wundanyi, tano Taveta. Zipange zote katika jedwali la hifadhidata, kuanzia Mbololo na Sagalla hadi Chala na Mata, utakuta nne zina mkwaju ndani ya jina: Wundanyi/Mbale, Wumingu/Kishushe, Mwanda/Mgange na Wusi/Kishamba. Mkwaju huo haumsumbui mtu. Ila kuna wadi moja yenye ritifaa, Rong'e ya eneo bunge la Mwatate, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikiangusha mfumo niliouletewa nikiwa Voi.

Ulikuwa mfumo mdogo wa kuandikisha wanafunzi wanaoomba basari, umeandikwa kwa PHP, data zake zikikaa kwenye MySQL. "Mwalimu," karani akaniambia, "wa Kasigau anaingia, wa Mahoo anaingia, wa Rong'e anakataliwa." Foleni haisubiri, kwa hiyo alikuwa amekwisha kujipatia njia: akaandika Ronge. Mwenzake wa zamu ya mchana akaandika Rong e, na nafasi katikati. Wa tatu akagundua kwamba kibonye kilicho juu ya Tab hutoa alama inayofanana na ritifaa, akaandika Rong`e. Ripoti ya mwisho wa mwezi ikatoka na wadi 22 katika kaunti yenye 20, na Rong'e yenyewe haimo.

Kwiri ni sentensi ambayo PHP huiandikia hifadhidata, ikiomba data iwekwe au itolewe. Aliyeandika mfumo ule alikuwa akiijenga sentensi hiyo kwa kuunganisha vipande: kipande chake, kisha jina lililotoka kwenye fomu, kisha kipande chake tena. Kwa mtoto wa Kasigau, iliyofika MySQL ilikuwa hii:

INSERT INTO maombi (wadi, eneo) VALUES ('Kasigau', 'Voi')

Kwa mtoto wa Rong'e ikawa hii:

INSERT INTO maombi (wadi, eneo) VALUES ('Rong'e', 'Mwatate')

Isome ya pili kama inavyosomwa na mashine. Katika SQL, lugha ya kwiri hizi, alama ya mtajo hufungua maandishi na alama ile ile huyafunga. Kibodi zetu hutumia kibonye kimoja kwa alama ya mtajo na kwa ritifaa, na ndani ya kompyuta hizo mbili ni herufi moja. MySQL iliona Rong imefunguliwa na kufungwa, ikachukulia kwamba jina limekwisha. Ilitarajia koma au mabano. Badala yake ikakutana na e iliyosimama peke yake, isiyo na kazi yoyote katika sarufi ya SQL, ikakataa sentensi nzima. Ujumbe wake wa kosa huishia hivi:

near 'e', 'Mwatate')' at line 1

Ujumbe huu hudharauliwa, nami nauona kuwa msaada mkubwa kuliko wote katika kazi hii. Kinachofuata neno near ni sehemu ya sentensi kuanzia pale mashine ilipokwama. Wengi huikodolea macho ile e wakitafuta kasoro yake, na haina kasoro. Kasoro iko nyuma yake, kwenye herufi ambayo ujumbe hauionyeshi kwa sababu mashine imekwisha kuimeza ikidhani ni alama ya kufunga. Soma near, kisha rudi nyuma hatua moja.

Kurudi hatua moja hakutoshi kila mara. Jaribu jina la gavana wa Kisumu, Anyang' Nyong'o, lenye ritifaa mbili, moja ikiwa mwisho kabisa wa neno. Ukiliweka katika safu mbili kwa mtindo ule wa kuunganisha, unapata ('Anyang'', 'Nyong'o'). Alama mbili za mtajo zikifuatana ndani ya maandishi, SQL huzihesabu kuwa ritifaa moja halali. Basi maandishi hayafungwi baada ya Anyang'. Yanaendelea, yanameza koma na nafasi, na kufungwa na alama iliyokusudiwa kumfungulia Nyong'o. Kosa linatangazwa kwenye neno Nyong, ilhali mambo yaliharibika jina moja kabla. Ndiyo maana sikagui msimbo kabla ya kuichapisha kwiri yenyewe, jinsi ilivyo baada ya majina kuingia, na kuipeleka kwa mkono kwenye phpMyAdmin. Msimbo hukuonyesha alichokusudia mwandishi, nayo kwiri hukuonyesha kilichotumwa.

Mbona basi hakuna aliyeuona ujumbe huo kwa miezi kadhaa? Hapa toleo la PHP lina neno lake. Kabla ya PHP 8.1, iliyotoka Novemba 2021, kiungo cha mysqli kilikuwa kimya kwa kawaida yake. Kwiri ikianguka, mysqli_query hurudisha false na programu huendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Kwenye ukurasa wa kuandikisha, karani huona fomu ikirudi tupu. Kwenye ukurasa wa kutafuta, mambo hulipuka baadaye kidogo, pale mysqli_fetch_assoc inapolalamika kwamba imepewa bool badala ya matokeo, na namba ya mstari inayotajwa ni ya mysqli_fetch_assoc. Vijana wengi wamepoteza jioni nzima wakikagua mstari huo usio na hatia, kwa kuwa kwiri ilikufa mistari kadhaa juu yake.

Kuanzia 8.1, mysqli hurusha kosa pale pale linapotokea. PDO, njia nyingine ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata, ilianza tabia hiyo katika toleo la 8.0 mwaka 2020. Seva ya mfumo wetu ilikuwa ya zamani, kwa hiyo niliongeza mstari huu kabla ya kufungua kiungo:

mysqli_report(MYSQLI_REPORT_ERROR | MYSQLI_REPORT_STRICT);

Nikaondoa pia alama za @ zilizowekwa mbele ya kila wito wa hifadhidata. Alama hiyo huiambia PHP inyamaze, na aliyeiweka bila shaka alitaka kumwondolea karani maandishi ya kutisha. Nia njema, ila makosa yapasa kuandikwa kwenye faili la kumbukumbu la seva, ambako fundi atayasoma. Skrini ya wananchi isionyeshe kwiri wala majina ya majedwali, nayo kumbukumbu isikose kitu.

Baada ya hayo kosa lilionekana mara ya kwanza nilipoandika Rong'e, pamoja na faili na mstari wa kweli. Kulirekebisha ni habari nyingine, na hapo ndipo nilipopewa ushauri ambao siukubali.

Ushauri wa kwanza ulikuwa kufuta ritifaa kila inapoingia. Mstari mmoja wa str_replace, kazi imekwisha. Lakini katika lugha zetu ritifaa si pambo. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa ni tamaa. Kinachoyatenganisha maneno hayo kwenye maandishi ni alama hiyo ndogo. Kidawida kina sauti hiyo, Kikikuyu kinayo, Kijaluo kinayo. Katika kaunti 47 za Kenya ni Murang'a pekee yenye ritifaa katika jina, ila ukishuka kwenye majina ya watu utaikuta kila mahali: Mwang'ombe, Ong'eri, Thiong'o. Na jina la mtu kwenye ombi la basari litalinganishwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Mfumo unaomwandika Mwangombe mtu ambaye cheti chake kinasema Mwang'ombe unampa mtoto huyo tatizo la kulieleza dirishani, naye hakulileta yeye.

Ushauri wa pili ulikuwa kutanguliza mkwaju wa kinyume mbele ya kila ritifaa, ili MySQL ijue hiyo si alama ya kufunga. Mbinu hii ina historia ndefu, na inaeleza sehemu ya uchafu tunaoukuta kwenye hifadhidata za zamani. Kulikuwa na wakati PHP iliifanya yenyewe bila kuombwa, kwa utaratibu ulioitwa magic quotes. Programu nyingi ziliandikwa zikiutegemea bila waandishi wake kujua. Toleo la 5.3 la mwaka 2009 likatangaza kwamba utaratibu huo unaachwa, na la 5.4 la mwaka 2012 likauondoa. Seva ikipandishwa toleo, programu iliyokuwa ikimpokea mtu wa Rong'e kwa miaka huanza kumkataa, na hakuna aliyegusa hata herufi ya msimbo. Pengine ilikuwa kinyume: mwandishi alitanguliza mkwaju kwa mkono, PHP ikatanguliza wake, na hifadhidata ikatunza Rong\'e. Kila mara rekodi inapofunguliwa na kuhifadhiwa tena, mikwaju inazaana.

Ninachokitumia ni kauli iliyotayarishwa:

$kauli = $kiungo->prepare("INSERT INTO maombi (wadi, eneo) VALUES (?, ?)");
$kauli->execute([$wadi, $eneo]);

Hivi ndivyo inavyoandikwa kwa PDO, na kwa mysqli kuanzia toleo la 8.1. Kwenye mysqli ya zamani thamani huunganishwa kwanza kwa bind_param, na ndivyo nilivyofanya kwenye seva ile. Hapa sentensi husafiri kwanza, ikiwa na alama za kuuliza mahali pa majina. MySQL huichambua sarufi yake mpaka mwisho. Thamani hufuata nyuma, zikiwa mzigo tu. Ritifaa ya Rong'e inafika wakati uchambuzi wa sarufi umekwisha, kwa hiyo haina cha kufungua wala cha kufunga. PDO ikizungumza na MySQL huigiza utaratibu huu kwa kawaida yake na kupanga sentensi yenyewe upande wa PHP. Ukitaka MySQL ndiyo ifanye, zima PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES. Na usizungushie alama ya kuuliza alama za mtajo. Nimeona '?' mara nyingi kwenye kazi za wanafunzi, na hapo MySQL huona maandishi yenye alama ya kuuliza, haioni nafasi ya kujazwa.

Kuna sababu nyingine iliyonifanya nibadilishe kwiri zote za mfumo ule, hata zisizogusa wadi. Mtu anayetaka kuvamia tovuti huanza kwa kuandika ritifaa moja ndani ya fomu na kutazama kama itaanguka. Ikianguka, anajua kwamba anachoandika kinaingia kwenye sentensi ya SQL kama kilivyo. Hatua ya pili ni kuandika kitu kama x' OR 'a'='a, na kwiri iliyokuwa ikitafuta mwanafunzi mmoja inamletea wote. Jarida la Phrack lilieleza uvamizi wa aina hii mwaka 1998. Kwa hiyo mzazi wa Rong'e aliyeandika jina la wadi yake alikuwa ametufanyia, bila kujua, jaribio la kwanza la mvamizi, na mfumo ukashindwa. Ndani yake kulikuwa na majina ya watoto, shule zao na simu za wazazi, taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezitunza azilinde. Kwa miezi kadhaa mlango ulikuwa wazi, na dalili pekee ikawa malalamiko ya wadi moja.

Nilidhani kazi imekwisha. Siku mbili baadaye karani akanipigia: Rong'e sasa inaingia, lakini ukiitafuta haiji yote. Hakuna kosa kwenye kumbukumbu. Kwiri inafaulu, inarudisha pungufu. Kosa la namna hii lanisumbua kuliko lile la kwanza, kwa sababu halina ujumbe wa kusoma. Nikaiuliza hifadhidata baiti zenyewe:

SELECT wadi, LENGTH(wadi), HEX(wadi) FROM maombi WHERE eneo = 'Mwatate'

Rong'e moja ilikuwa na baiti sita, 526F6E672765. Nyingine, inayofanana nayo kwa macho, ilikuwa na nane: 526F6E67E2809965. Ile 27 ni ritifaa ya kibodi ya kompyuta. E28099 ni ritifaa iliyopinda, ambayo iPhone na Word huiweka zenyewe ili maandishi yapendeze. Wazazi wengine walijaza fomu wenyewe kwa simu, wakaleta iliyopinda, karani akaandika iliyonyooka, na kwa MySQL hayo ni majina mawili. Seti ya herufi isipopangwa sawa, ile iliyopinda ndiyo huonekana kwenye ripoti kama Rongâ€™e. Kwa hiyo sasa kila jina hupita kwenye kipande kifupi kinachogeuza ritifaa za namna zote kuwa iliyonyooka kabla halijahifadhiwa na kabla halijatafutwa. Wadi zenyewe haziandikwi tena. Huchaguliwa kwenye orodha ya 20, na kinachohifadhiwa ni namba.

Zikabaki rekodi za zamani, zile za Ronge, Rong e na Rong`e. Sikutaka kuzibadilisha zote kwa amri moja bila kuhakikisha, basi tukatoa fomu za karatasi kwenye kabati, mimi nasoma, karani anatazama skrini. Kila mzazi aliyejaza kwa kalamu alikuwa ameiweka ritifaa mahali pake.